Barua Iliyokwama Kisandukuni



Wiki hii twaandika juu ya jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo: barua pepe iliyokataa kutoka katika simu. Nasi tungeliona dogo, lau lisingalitugharimu miezi mitatu ya uchungu baina ya ndugu wawili waliolala tumbo moja. Twaliandika kwa idhini ya mama yetu. Alipoulizwa kama habari za nyumbani mwake zaweza kusomwa na watu, alijibu: "Andikeni. Huenda iko nyumba nyingine yenye barua iliyolala ndani ya simu, na wenyewe hawajui."

Babu yetu mzaa mama aliacha nyumba moja hapa Mji wa Kale, Mombasa, katika mtaa wa Kibokoni. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake za boriti za mikoko, kama zilivyo nyumba nyingi za umri wake. Aliacha pia watoto wawili: mama yetu, ambaye ndiye mkubwa, na mjomba wetu, ambaye ameishi Muscat kwa zaidi ya miaka 30. Mafungu ya mirathi hayakuwahi kugombaniwa. Sharia imeyapanga, mawili ya mjomba na moja la mama. Kilichogombaniwa ni hatima ya nyumba yenyewe. Mjomba alitaka iuzwe kabla haijaanguka. Mama alitaka itengenezwe kabla haijauzwa. Maneno yalipozidi, wakanyamaziana, wakabaki kuamkiana siku za Idi kwa simu fupi, kama watu wanaolipana deni.

Mwezi wa Shaaban mwaka huu mjomba akaandika. Yeye si mtu wa ujumbe wa mkato. Husema kuwa hayo ni maneno ya barazani, yasemwa yakapita. Akiwa na neno zito huliandika kwa barua pepe, kwa aya zilizonyooka, na huipeleka kwa anwani ile ile aliyoifungua marehemu baba yetu zamani kwa ajili ya afisi yake ndogo ya uwakala wa forodha. Baba alipofariki tuliona vyema anwani ile isife, kwani jamaa wote wa ng'ambo waijua. Tukaiweka katika simu ya mama, nasi watoto tukawa makarani wake.

Barua ya mjomba ilikuwa ya msamaha. Alisema ameota mara mbili anapanda ngazi za nyumba ile akiwa mtoto, na kwamba hataki kufa akiwa ameiuza kwa ghadhabu. Aliuliza kama mama yu radhi waitengeneze pamoja, akaomba apelekewe picha za hati za nyumba, na akaahidi kuja baada ya Idi. Tuliisoma kwa sauti. Mama alikaa kitako juu ya mkeka, hakusema neno hadi mwisho. Kisha akasema, "Shikeni kalamu," ingawa kalamu yenyewe ilikuwa simu.

Alitamka jibu lake usiku kucha, kuanzia baada ya Isha, akirudia, akifuta, akitafuta neno lililo laini zaidi. Tulibonyeza mahali pa kutuma. Barua ikaondoka kiooni. Tukasema alhamdulillahi, tukalala.

Baada ya wiki mbili ukaja mstari mmoja kutoka Muscat: "Nimefahamu. Allah atuongoze sote." Mama aliutazama kwa muda mrefu. "Nimemfungulia moyo wangu wote," akasema, "naye anijibu kama anayejibu dalali." Hatukuwa na la kumwambia. Ramadhani ikaingia na kutoka. Siku ya Idi simu ya mjomba haikulia, na mama, akiwa mkubwa, hakuona sababu ya kuanza yeye, kwa kuwa barua alikwisha iandika. Masika yakaja kwa kishindo, na usiku mmoja sehemu ya dari ya chumba cha juu ikaanguka pamoja na boriti zake nne. Hatukumwarifu mjomba. Tulisema, ana haja gani kujua?

Ukweli ulijitokeza mwezi wa Dhulqaada, na haukutoka kwa hekima yetu. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameomba nafasi katika chuo, akatuma vyeti vyake kwa simu ile ile. Chuo kikamwambia hakikupokea kitu. Akaapa kuwa ametuma. Nasi, na hili twalisema kwa haya, tukamshuku kuwa amezembea na sasa atafuta kisingizio. Alilia. Ndipo mama alipomwita kijana wa jirani ambaye hutengeneza simu karibu na Marikiti, apite kwetu akitoka kazini.

Alikuja baada ya Magharibi. "Shikamoo, Bi." "Marahaba, mwanangu. Hebu itazame simu hii. Mtoto asema imetuma, na walioandikiwa wasema hawakupata."

Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Je, barua za kuingia zaingia?" Tukamjibu kuwa zaingia kila siku, hata zisizotakiwa. Akatabasamu. "Basi msijidanganye kwa hizo. Njia ya kuingia na njia ya kutoka si moja."

Akatueleza, nasi twawaeleza kama tulivyofahamu. Programu ya barua pepe katika simu hushughulika na seva mbili zenye kazi mbalimbali. Moja ni ya kupokea, na lugha yake aghalabu ni ile iitwayo IMAP. Ya pili ni ya kutuma, na lugha yake ni SMTP. Kila moja ina anwani yake, nenosiri lake katika mipangilio, na mlango wake wenye nambari. Moja yaweza kuwa nzima na nyingine imekufa, wala ile nzima haitakwambia habari za mwenziwe. Mama akafahamu kabla yetu. "Kama majahazi," akasema. "Kaskazi ilikuwa ikiwaleta kutoka Arabuni, lakini si kaskazi iliyowarudisha. Walingoja kusi." Kijana akasema hajapata kusikia maelezo mazuri kuliko hayo.

Kisha akafungua orodha ya visanduku vya programu ile, mahali ambapo hatukuwahi kupagusa. Chini ya kisanduku cha barua zilizotumwa palikuwa na kingine cha barua zinazotoka. Sisi tulidhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ya kwanza ni ya barua zilizofika kwa seva. Ya pili ni ya barua zinazongoja mlangoni. Ndani yake zilikuwamo barua 11. Vyeti vya mdogo wetu vilikuwamo, vimetumwa mara tatu kama alivyoapa. Na chini kabisa, ya mwanzo kuliko zote, ilikuwamo barua ya mama ya mwezi wa Shaaban.

Hapana aliyesema kitu. Mama aliomba asomewe tarehe. Akasomewa. Akauliza tena, "Yaani hakuipata?" Kijana akasema, "Hakuipata, Bi. Haijatoka chumba hiki." Hapo ndipo ule mstari wa mjomba ulipogeuka mbele ya macho yetu. Haukuwa jibu la barua ya mama. Ulikuwa jibu la kimya chake. Mtu ameomba msamaha, amengoja wiki mbili, hakuitikiwa, na badala ya kulaumu amesema amefahamu, na Mungu atuongoze sote. Tuliyemwita mkavu alikuwa mpole kuliko sisi.

Tulitaka yule kijana aitengeneze papo hapo, zote zitoke. Akatuzuia, na busara yake hii yafaa ikumbukwe. Alizima kwanza intaneti ya simu. "Njia ikifunguka," akasema, "hizi zote zaweza kutoka kwa mpigo, na nyingine hamzitaki tena." Kweli, mlikuwamo barua ya kuagiza saruji ambayo tulikwisha inunua kwingine, na nyingine ya kukubali mwaliko wa harusi iliyokwisha liwa biriani yake. Tukazifuta. Ya mama tukaihamishia kwenye rasimu, ili aitazame upya.

Sasa twaeleza kilichokuwa kimeharibika, kwani huenda kikamfaa mmoja wenu.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Mwezi wa Rajab tulibadilisha nenosiri la anwani ile kwa tahadhari. Simu ikatuuliza nenosiri jipya, tukaliandika, barua zikaendelea kuingia, tukadhani mambo yamekwisha. Lakini nenosiri jipya liliingia upande wa kupokea peke yake. Upande wa kutuma ulibaki na la zamani, na kila jaribio likakataliwa. Katika simu nyingine nafasi ya nenosiri la seva ya kutuma huandikwa kuwa ni ya hiari, na watu wengi huiacha tupu. Mara nyingi si ya hiari hata kidogo. Seva za siku hizi hazimchukulii mtu barua bila kumtambua.

Kijana alimpa mama simu aandike nenosiri mwenyewe, naye akageuza uso kutazama ukutani hadi alipomaliza. Tulipenda adabu ile. Fundi mwaminifu hahitaji kulijua nenosiri lako, na anayelitaka kwa simu au kwa barua, akidai atakutengenezea sanduku lako, si fundi.

Tukajaribu. Ikakataa tena, mara hii kwa maneno mengine: haiwezi kuifikia seva. Hilo lilikuwa kosa la pili. Ile mipangilio aliiweka baba zamani, nayo ilitumia mlango wa 25 bila usimbaji wowote. Hapa kijana alitupa historia fupi. Utaratibu wa SMTP uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati ambao waliotumia mtandao walikuwa wachache na wakiaminiana, na barua iliweza kupokelewa bila kuuliza nenosiri. Walaghai walipojaa, wakiutumia mlango ule kumwaga barua za hila, makampuni mengi ya intaneti yaliwafungia wateja wa majumbani mlango wa 25. Kwa barua za watu binafsi mlango mwingine, wa 587, ulitengwa mwaka 1998. Na wako pia watoa huduma wanaotumia wa 465. Hiyo yote miwili hutaka mtumaji ajitambulishe, na barua hupita ikiwa imefunikwa isisomwe njiani.

Afisini kwa baba mlango wa 25 haukuwa umefungwa. Nyumbani kwetu, tulikoingiza intaneti mpya mwezi ule ule wa Rajab, ulikuwa umefungwa. Kijana akabadilisha nambari kuwa 587, akawasha usimbaji, akahakikisha alama ya kujitambulisha imewekwa. Tukatuma barua ya majaribio kwetu wenyewe. Ikatoka. Ikaingia. Dada yetu akapiga kigelegele kana kwamba tumepata bibi arusi.

Kosa la tatu lilikuwa uzito. Vyeti vya mdogo wetu vilitoka, lakini barua yenye picha za hati za nyumba, ambayo tuliiandaa baada ya ile ya mama, ilikwama. Zilikuwa picha 12, kila moja ikikaribia megabaiti nne. Kwa jumla ni kama 48, na huduma nyingi hazikubali barua ipitayo 20 au 25. Gmail, kwa mfano, kikomo chake ni 25. Tena kijana akatuambia jambo ambalo hatukulijua: kiambatisho kikisafiri kwa barua pepe hugeuzwa kuwa maandishi, na mgeuzo huo humwongezea uzito kwa kiasi cha theluthi moja. Kwa hiyo faili za megabaiti 20 zaweza kukataliwa na huduma iliyotaja 25. Na katika programu nyingine, barua moja nzito iliyokwama mbele huzizuia nyepesi zilizo nyuma yake, kama mkokoteni uliokwama katika kichochoro cha Mji wa Kale. Tukazipunguza picha, tukazigawa katika barua tatu.

Kwa atakayepatwa na haya, mpangilio wa kutafuta ndio huu. Fungua kwanza kisanduku cha barua zinazotoka, uone kama kuna iliyolala. Soma maneno ya kosa badala ya kuyafagia kwa kidole. Sisi tuliyafagia miezi mitatu, yakitokea juu ya kioo na kutoweka. Yakitaja nenosiri, andika upya nenosiri katika sehemu ya seva ya kutuma, si ya kupokea tu. Yakisema seva haifikiki, zima intaneti ya nyumbani ujaribu kwa bando la simu. Ikitoka kwa moja na kukwama kwa nyingine, tazama nambari ya mlango. Hakikisha tarehe na saa za simu ni sahihi, kwani simu yenye saa mbovu yaweza kukataa kuiamini seva. Tazama kama umewasha kiokoa data, ambacho huinyima programu intaneti ukiwa hukuifungua. Kagua anwani ya unayemwandikia, maana nukta moja iliyozidi yatosha kuirudisha barua. Na ikiwa anwani yako ni ya Google na waitumia katika programu ya zamani, fahamu kuwa tangu tarehe 30 Mei 2022 akaunti za kawaida hazikubali tena nenosiri lako la kila siku katika programu za namna hiyo. Yatakiwa programu inayokupeleka kuingia kwa Google yenyewe, au nenosiri maalumu la programu. Ukimaliza, jitumie barua wewe mwenyewe, kisha itafute katika kisanduku cha zilizotumwa.

Turudi kwa mama. Barua yake ya Shaaban hakubadilisha hata neno. Aliongeza mistari michache juu yake: kwamba barua hii niliiandika usiku ule ule nilipoisoma yako, ikazuiwa ndani ya simu nisijue, kwamba nimekudhania ubaya na wewe hukuwa nao, na kwamba dari ya chumba cha juu imeanguka. Tuliituma saa nne za usiku. Mara hii hakuna aliyelala hadi tulipoiona imekaa mahali pa zilizotumwa.

Kesho yake, baada ya Alasiri, simu ikalia kutoka Muscat. Mama aliipokea akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Alitoka adhana ya Magharibi ikitoka, macho mekundu, uso mkunjufu. Alitwambia mambo mawili tu. La kwanza, kwamba mjomba alikuwa ameshazungumza na dalali juu ya kuuza fungu lake, akadhani dada yake hataki tena hata kumsikia. Na kwamba amemrudia dalali yule akamwambia aache. La pili, kwamba alimuuliza, "Dada, mbona hukunipigia?" naye akamjibu, "Nawe mbona hukunipigia?" Wakanyamaza wote wawili, kisha wakacheka, kisha wakalia.

Swali hilo ndilo lililobaki nasi. Simu ilikuwa na makosa matatu, na kijana mmoja aliyatengeneza kwa saa mbili. Lakini katika miezi mitatu watu wazima sita wa nyumba hii hatukuwahi kumwuliza mjomba kwa mdomo neno moja jepesi: barua umeipata? Kila mmoja wetu aliona kimya akakitafsiri, na hapana aliyekitafsiri kwa wema. Hata mdogo wetu, aliyekuwa akisema kweli, tulimhukumu kabla ya kufungua kisanduku. Tumemwomba radhi. Alitusamehe upesi kuliko tulivyostahili, ingawa nafasi ya chuo kwa muhula ule ilikwisha kupita, na itambidi aombe tena.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi twaongeza kwamba wakati mwingine kimya hakina kitu ila nenosiri la zamani, na mshindo twauleta wenyewe. Husnudhani, kumdhania mwenzio wema, haigharimu bando. Ndugu yako akikawia kujibu, mpigie. Akikuandikia na wewe ukamjibu, muulize kama imefika. Hilo si jambo la kumpunguzia mkubwa ukubwa wake.

Mjomba aja mwezi ujao, inshaallah. Boriti mpya zimeshaagizwa kutoka Lamu, na aliyeziagiza ni yeye. Aliandika kwa barua pepe, na mama, kabla hata hajamaliza kuisoma, alishika simu akampigia: "Imefika."

Wabillahi tawfiq.